Fimbo za kurefusha kwa safari ya Kilimanjaro: mbili, moja, au mikono mitupu?

#1 Upareni

Wakuu, habari zenu. Ninajiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwezi Septemba, na kinachonisumbua si baridi wala hewa nyembamba, bali magoti wakati wa kushuka. Nimezoea kutembea katika milima ya kwetu Upare hadi Shengena, na kupanda hakunipi taabu yoyote. Lakini kila ninaposhuka mteremko mrefu, maumivu huanza chini ya pia ya goti na hudumu hadi kesho yake.

Kampuni nitakayosafiri nayo inasema fimbo za kurefusha na kufupisha zinapatikana kwa kukodi Moshi, na binamu yangu anashauri ninunue zangu. Dukani nimeona za aina mbili, zinazokazwa kwa kuzungusha pingili (vipande vya fimbo vinavyoingiana) na zenye kifungo cha kubana kwa nje, na muuzaji hakuweza kunieleza tofauti yake zaidi ya bei. Mimi mwenyewe ninaamini kwamba uzito wa mtu hubebwa na miguu yake, na kwamba fimbo mbili mkononi ni mzigo wa ziada ambao biashara ya vifaa imetushawishi kuuona kuwa lazima. Mwenye hoja ya kunibadilisha mawazo aiweke hapa, hasa yule aliyeshuka njia ya Mweka.

#2 Kiongozi_Machame

Karibu sana, dada. Ninaongoza wageni kwenye mlima huu, kwa hiyo nitaanza na hesabu ya siku ya kilele, kwa sababu ndiyo inayoamua mjadala wote. Usiku unatoka kambi ya Barafu, takriban mita 4,670, unapanda hadi kilele cha Uhuru mita 5,895, kisha siku hiyohiyo unateremka kupita Barafu hadi kambi ya Mweka iliyo karibu na mita 3,100. Huo ni mteremko wa karibu mita 2,800 kwa siku moja, juu ya miguu ambayo haikulala. Kesho yake unashuka tena hadi lango la Mweka, kwenye mita 1,640 hivi, katika msitu wenye tope, mizizi na ngazi za magogo.

Fimbo mbili hupunguza nusu ya uzito unaotua kwenye magoti, na nimeona wageni wa umri mkubwa wakifika langoni wakitembea vizuri ilhali vijana wasio na fimbo wanashuka kinyumenyume. Chukua mbili, za alumini, zenye kifungo cha kubana kwa nje. Usichukue moja.

#3 Mzee_Nanyuki

Ninaheshimu kazi ya ndugu wa #2, lakini sikubaliani naye. Nimetembea Mlima Kenya tangu ujana wangu, kwa njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, na mkononi nilikuwa na fimbo moja ya mti au sikuwa na kitu. Mtu anayetegemea fimbo mbili kila hatua huisahaulisha miguu yake kazi ya kutafuta mizani, na siku fimbo ikikatika au akitakiwa kupita mahali pa kushika mwamba kwa mikono, huanza kutetemeka.

Haya si maneno yangu peke yangu. Tume ya tiba ya Shirikisho la Kimataifa la Upandaji Milima, UIAA, iliwahi kuonya kwamba matumizi ya fimbo bila kupumzika hupunguza uwezo wa mwili wa kujisawazisha. Dada wa #1 ana mashaka ya haki kabisa. Afanye mazoezi ya mapaja kuanzia leo, na goti litanyamaza lenyewe.

#4 Viungo_na_Misuli

Salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na ninaomba kurekebisha pande zote mbili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwa #2: si nusu. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa Schwameder na wenzake uliochapishwa mwaka 1999, ambao ulipima watu wakishuka mteremko wa digrii 25, kwa fimbo na bila fimbo. Nguvu zinazolikabili goti zilipungua kwa kati ya asilimia 12 na 25. Hicho ni kiasi kikubwa ukikizidisha kwa maelfu ya hatua, lakini si nusu, na waliopimwa walikuwa wachache, tena kwenye njia iliyotengenezwa maabara, isiyo na kokoto wala usingizi wa Barafu.

Kwa #3: onyo la UIAA ni la kweli, ila umelileta nusu. Wataalamu haohao waliwapendekezea fimbo wazee, watu wenye uzito mkubwa, wenye maradhi ya viungo au uti wa mgongo, na wabebao mizigo mizito. Mtu ambaye goti lake linauma chini ya pia kila anaposhuka yuko karibu zaidi na kundi hilo kuliko kundi la vijana wasio na tatizo. Hata hivyo shauri lako la mapaja ninaliunga mkono bila masharti. Dada aanze kushuka ngazi polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, wiki nyingi kabla ya safari, kwa sababu msuli wa mbele wa paja ndio breki ya goti.

#5 Mgumu_wa_Rau

Ninasoma hapa nikiwa mtu wa kubeba. Sisi wagumu tunashuka Mweka na mzigo ambao kwa kanuni hautakiwi kuzidi kilo 20, na wengi wetu hatuna fimbo hata moja. Msidhani ni kwa sababu hatuzihitaji. Mzigo ukiwa kichwani au shingoni, mkono mmoja huushikilia, kwa hiyo fimbo mbili haziwezekani. Na fimbo moja, kwa anayeipata, huwa ni ile aliyoachiwa na mgeni au kipande cha mti alichookota.

Magoti yetu yanaumia. Nina wenzangu walioacha mlima mapema kwa sababu hiyo, na mtu akitupita njiani akatuona tunakimbia kwenye kokoto asifikiri kwamba tumezaliwa na magoti ya chuma. Tunakimbia kwa sababu hema linatakiwa liwe limesimama kabla mgeni hajafika. Mzee wa #3 anasema fimbo huudhoofisha mwili. Angenionyesha mgumu aliyepata nguvu za magoti kwa kuikosa.

#6 Mzee_Nanyuki

Mgumu, maneno yako yamenigusa, na katika suala la mzigo sina ubishi nawe. Nilikuwa ninamzungumzia mtembezi mwenye begi dogo la maji na koti. Mtu mwenye kilo 20 juu ya shingo ana haki ya kupata chochote kitakachomsaidia, na kampuni zingepaswa kuzifikiria fimbo kama zinavyofikiria viatu na makoti.

#7 Fundi_Gerezani

Niingie upande wa vifaa, maana swali la #1 kuhusu vifungo halijajibiwa.

Kifungo cha kuzungusha kina kipande cha plastiki ndani ya bomba, kilichopenywa na skrubu. Ukizungusha, skrubu hukipanua kipande hicho hadi kikabana kwenye ukuta wa bomba. Ni chepesi, hakina kinachochomoza nje, lakini huwezi kukiona kinavyofanya kazi, na kikichafuka ni lazima uichomoe pingili nzima. Kifungo cha nje kina wenzo unaoufunga kwa kidole, na pembeni kina skrubu ndogo ya kurekebisha mbano. Unakiona, unakikaza, na unaweza kukifunga ukiwa umevaa glavu nene, jambo ambalo kwa kile cha kuzungusha ni shida kubwa. Kuna aina ya tatu, fimbo zinazokunjwa vipande vitatu vilivyounganishwa kwa kamba ya ndani. Hizo huingia kwenye begi dogo, ila nyingi hurekebishika kwa kiasi kidogo tu, na baadhi hazirekebishiki kabisa.

Kuhusu malighafi, ninakubaliana na #2. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hupunguza mtetemo, lakini zikigongwa na jiwe kwa upande hupata ufa usioonekana, na siku ya pili hukatika ghafla. Alumini hupinda kwanza. Fimbo iliyopinda bado inakufikisha kambini.

#8 Upareni

Asanteni sana, hasa Fundi na Mgumu. Swali la urefu bado. Nina sentimita 160. Dukani niliambiwa fimbo zote zinafika 135, kwa hiyo nisijali. Je, nisijali kweli? Na je, ni lazima nibadilishe urefu kila mteremko unapobadilika?

#9 Lushoto_Asubuhi

Ni lazima ujali, kwa sababu faida yote ya fimbo ya kurefusha imo humo. Simama wima ukiwa umevaa viatu utakavyopandia, weka ncha ya fimbo chini karibu na mguu, kisha rekebisha hadi kiwiko kiwe na pembe ya digrii 90. Wengine huzidisha urefu wa mwili kwa 0.68, kwa sentimita 160 unapata 109 hivi, basi anza na 110. Ukipanda kwa muda mrefu punguza sentimita 5 hadi 10, ili mabega yasipande hadi masikioni. Ukishuka kwa muda mrefu ongeza kiasi hichohicho, ili usiiname mbele kuitafuta ardhi. Kwa mteremko wa dakika tano usihangaike nazo kabisa.

Sisi huku Usambara tunapita vijia vya udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huteleza vibaya, na huko nimejifunza kuangalia mshikio kabla ya rangi. Mshikio mzuri una povu linaloendelea chini ya kishikio chenyewe, kwa hiyo ukikutana na ngazi fupi ya kupanda unashusha mkono tu, bila kugusa kifungo. Mshikio wa mpira mtupu hutoa malengelenge mkono ukilowa jasho. Wa koki ni bora kuliko yote, ila bei yake ni ya juu.

Na tafadhali, ingiza mkono kwenye mkanda kutokea chini kwenda juu, kisha ushike mkanda na mshikio kwa pamoja. Hivyo uzito hukaa kwenye mkanda na kifundo cha mkono, na vidole havichoki kwa kukaza. Watu wengi huingiza mkono kutoka juu, wakaning'iniza mkanda bure.

#10 Mwana_wa_Tirol

Ninaandika kutoka Innsbruck, ambako fimbo hizi ni sehemu ya maisha ya kila wiki. Maelezo ya #9 ni sahihi, ila kuhusu mkanda ninaongeza tahadhari. Ukianguka mkono ukiwa ndani ya mkanda, fimbo inaweza kukivuta kidole gumba upande na kuuchana mshipa wake wa kiungo. Ni jeraha ambalo madaktari wa maeneo ya kuteleza thelujini wanalifahamu vizuri. Kwa hiyo kwenye mteremko wenye miamba, mahali ambapo ncha inaweza kunasa kati ya mawe, mimi huutoa mkono katika mkanda.

Kwa #1, unayesema ni ushawishi wa biashara: fimbo hizi zilitokana na zile za kuteleza thelujini, na kampuni ya Leki ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza zile za kurefusha kwa watembeaji wa milimani, katika miaka ya 1970. Biashara ipo, sikatai, lakini wachungaji wa milima ya huku walitembea na fimbo karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kuzaliwa.

#11 Lushoto_Asubuhi

Na wachungaji wa kwetu pia, mkuu, tena bila mkanda. Ila kuhusu kidole gumba umeniongezea jambo la kulizingatia.

#12 Kiongozi_Machame

Asante #4 kwa marekebisho. Asilimia 25 bado inatosha kunilinda kazini. Niongeze mambo mawili ya njia ya Machame.

La kwanza ni ukuta wa Barranco. Asubuhi ile, kabla ya kutoka kambini, fimbo hufupishwa kabisa na kufungwa kwenye begi, ncha zikielekezwa chini, kwa sababu ukuta unapandwa kwa mikono na anayekufuata yuko chini yako. Nimeona mgeni akipanda na fimbo zinazoning'inia mkononi, zikimpiga wa nyuma usoni. Hapo ndipo fimbo inayofupika sana inapoizidi ndefu: pingili tatu huingia begini, pingili mbili hubaki zimechomoza zikinasa kwenye mwamba.

La pili sijapata jibu lake, na nitashukuru mwenye ujuzi akinisaidia. Mara nyingi, wakati wa kushuka kutoka Stella, pale ukingoni mwa kreta, kurudi Barafu, fimbo za kuzungusha huanza kuingia ndani zenyewe. Mgeni anaegemea, fimbo inafupika ghafla, naye anaanguka mbele. Usiku wakati wa kupanda zilikuwa salama. Mimi ninaamini ni baridi, kwamba usiku ule plastiki ya ndani husinyaa. Wenzangu wana maelezo mengine.

#13 Fundi_Gerezani

Hapa nitabisha, mkuu wangu. Ni kweli kwamba plastiki husinyaa kwa baridi mara tatu au zaidi kuliko alumini. Lakini chukua kipande cha plastiki chenye kipenyo cha milimita 12, kishushe kutoka joto la Moshi hadi baridi ya Stella, na tofauti kati yake na bomba ni sehemu mbili hivi za mia moja za milimita. Kifungo kilichokazwa vizuri hakiachii kwa kiasi hicho. Isitoshe, kama ni baridi, zingeachia usiku kwenye baridi kali, si asubuhi jua likiwa limetoka.

Maelezo yangu ni vumbi. Kokoto za pale ni za volkano, zina unga mwembamba kama wa saruji. Unapoifupisha fimbo, ule unga ulioganda juu ya pingili unaingia ndani ya bomba, na asubuhi unapoirefusha kwa ajili ya kushuka, plastiki inaushika unga badala ya kuishika alumini, na mbano unakwisha.

#14 Mgumu_wa_Rau

Fundi, mimi ninafikiri ni jambo rahisi zaidi. Usiku wanapopanda hawaziegemei kwa uzito wote. Ni za mizani tu. Asubuhi wanaposhuka wamechoka, wanaangusha mwili mzima juu yake. Kifungo kilikuwa legevu tangu Barafu, ila hakikuwa kimejaribiwa.

#15 Mwana_wa_Tirol

Kuna uwezekano wa nne, na huku ndio wa kwanza tunaoutafuta: maji. Fimbo iliyofupishwa ikiwa mbichi, kwa mfano baada ya mvua ya msitu wa siku ya kwanza, hubaki na unyevu ndani ya bomba. Usiku unyevu huo huganda, na utando wa barafu kati ya plastiki na alumini hauna mshiko wowote. Ndiyo maana tunazichomoa pingili zote baada ya matembezi, tunazifuta, na kuziacha zikauke zikiwa zimetengana. Na asitokee mtu akazipaka mafuta ili ziteleze vizuri. Kifungo cha kuzungusha kikipata mafuta hakishiki tena.

#16 Kiongozi_Machame

Maji ningeyakubali, lakini mwezi wa Septemba mara nyingi tunafika Barafu fimbo zikiwa kavu na zenye vumbi tupu, na bado zinaingia. Hoja ya Mgumu ina uzito. Hata hivyo sijaiacha ya baridi, kwa sababu mtu anayekaza kifungo saa sita usiku, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, hakazi kama anayekaza mchana.

#17 Fundi_Gerezani

Hiyo sasa ni baridi ya vidole, si ya plastiki. Umehamisha goli, mkuu.

#18 Kasese_Juu

Habari kutoka Kasese. Nyinyi mnazungumzia kokoto. Njooni Rwenzori muone tope. Njia ya kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, hupita kwenye vinamasi ambavyo buti la mpira huzama hadi juu, na huko fimbo ina kazi tofauti kabisa: unaipima ardhi kabla ya kuikanyaga. Fimbo ikizama hadi mshikioni, hupiti hapo.

Kwa sababu hiyo ninamshauri dada wa #1 aangalie visahani vya chini, vile vya duara vilivyo karibu na ncha. Kile kidogo kinafaa kwa njia kavu. Kwenye tope au thelujini unahitaji kipana, la sivyo fimbo inazama bila kukupa egemeo lolote. Njia ya Mweka ikinyeshewa mvua siku ya mwisho, mtajua ninachosema. Na vile vifuniko vya mpira vya ncha ni vya lami na mwamba mtupu. Kwenye tope huchomoka na kubaki humo, na hiyo ni takataka mlimani. Ncha ya tungsteni kabaidi ndiyo inayouma ardhi.

#19 Lushoto_Asubuhi

Lakini ncha tupu huitoboa kingo ya njia, nayo mvua inaimomonyoa. Nimeyaona hayo kwenye vijia vyetu vyembamba, ambako kila mtembezi anachoma ukingo uleule. Mimi huvivaa vifuniko mahali pakavu na kuvivua penye utelezi.

#20 Mzee_Nanyuki

#18 amenikumbusha kinamasi cha mteremko cha Naro Moru, baada ya kituo cha hali ya hewa. Pale hata mimi hubeba fimbo, na ninalisema hilo waziwazi. Ila ni moja, ndefu, na mkono wa pili unabaki huru kushika majani. Nimefika kilele cha Mlima Kenya kwa namna hiyo na nimerudi salama.

#21 Kasese_Juu

Mzee, kilele kipi? Kama ni Lenana, mita 4,985, hicho ni cha tatu. Batian ni mita 5,199 na Nelion 5,188, na hivyo viwili hupandwa kwa kamba.

#22 Mzee_Nanyuki

Ninazungumzia kilele cha wanaokwenda kwa miguu, kijana, na katika uzi wa fimbo hakuna kingine kinachohusika. Kwa Batian hakuna fimbo ya mtu yeyote itakayokusaidia.

#23 Viungo_na_Misuli

Nirudi kwenye goti, maana ndilo lililoanzisha uzi. Tumekuwa tukisema kwamba fimbo hupeleka uzito kwenye mikono, na vipimo vinaunga mkono hilo. Lakini kwa wagonjwa wangu ninaona jambo jingine: mtu mwenye fimbo hushuka kwa hatua fupi na za taratibu zaidi. Hatua fupi peke yake humpunguzia goti mshindo. Sasa ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na mikono, na kiasi gani kinatokana na mwendo? Kwa mtu aliyeko mlimani siwezi kuvitenganisha.

Jambo la pili ni kwamba mikono inayofanya kazi hutumia hewa. Kwenye njia tambarare, watembeao na fimbo mara nyingi mapigo yao ya moyo hupanda kidogo, ingawa wenyewe huhisi hawajachoka zaidi. Kwa hiyo kwenye tambarare ya Shira sioni sababu ya kuzitumia kwa bidii. Zishike tu, au zifunge begini. Hapo ndipo ninapokutana na Mzee wa Nanyuki: miguu ipewe muda wa kutembea yenyewe kila siku.

#24 Kiongozi_Machame

Kwa mwendo sikubali moja kwa moja, daktari. Sisi tunawalazimisha wote kwenda polepole, wenye fimbo na wasio nazo, na bado wasio nazo ndio wanaolalamikia magoti wakifika Mweka. Nafikiri ni mizani. Kwenye kokoto mguu huteleza kila hatua, na kila utelezi goti hujikaza ghafla kuuzuia mwili. Mwenye fimbo anateleza pia, ila fimbo ndiyo inayomzuia. Ndiyo maana ninawafundisha kuitanguliza fimbo chini kabla ya mguu, mbele kidogo tu, si mbali. Na kwenye mteremko mkali kuweka kiganja juu ya kichwa cha mshikio.

#25 Mwana_wa_Tirol

Na kukata mteremko kwa upande, fimbo ya upande wa juu iwe fupi kuliko ya chini. Hapo ndipo vifungo vya nje vinapolipa gharama yake.

#26 Upareni

Nimesoma yote kwa makini. Bado ninaamini mapaja yangu ndiyo dawa ya kwanza, na ngazi za jengo la ofisini zitanijua vizuri hadi Septemba. Lakini asilimia 12, hata kama ni ya maabara, siwezi kuidharau mbele ya mita 2,800 za kushuka. Nitachukua mbili, za alumini, pingili tatu, kifungo cha nje, visahani vipana begini. Tambarare nitatembea mikono mitupu kama Mzee anavyotaka. Kilichobaki ni kununua au kukodi. Rafiki yangu anasema kwenye mitumba ya Memorial, pale Moshi, hupatikana nzuri.

#27 Fundi_Gerezani

Za mitumba zikague kwa mpangilio huu. Chomoa pingili zote uangalie kama ndani kuna kutu nyeupe ya alumini. Pitisha kucha kwenye bomba kutafuta mkunjo. Hakikisha alama ya mwisho wa kurefusha inasomeka, kwa sababu ukiipita, kipande kinachobaki ndani ni kifupi mno, na hapo ndipo bomba linapopinda. Ncha ikiwa imelika na kuwa butu kama kidole, acha. Kisha zirefushe hadi urefu wako, funga, na uziegemee kwa uzito wako wote, moja moja.

#28 Mgumu_wa_Rau

Na ukimaliza safari, kama huna mpango wa kuzitumia tena, usizirudishe kabatini. Langoni Mweka kuna watu watakaozihitaji wiki ijayo.

#29 Mzee_Nanyuki

Hilo la Mgumu ninaliunga mkono. La mbili dhidi ya moja bado tutabishana, na ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyeshuka mlima huohuo kwa njia zote mbili, mwaka mmoja na fimbo moja, mwaka mwingine na mbili, akiwa na begi lilelile.

#30 Kiongozi_Machame

Mtu wa namna hiyo nitamtafuta miongoni mwa viongozi wenzangu. Dada Upareni, ukodi au ununue, zilete fimbo zako kwenye maelezo ya jioni kabla ya safari. Tutazirefusha hadi 110, tutaweka alama ya utepe ya kushukia kwenye 118, na tutakaza skrubu za vifungo kwa bisibisi tukiwa bado kwenye joto. Nyingine za kuzungusha nitakuja nazo mwenyewe, nizipandishe Barafu zikiwa zimefutwa vumbi na kukaushwa, tuone kama Fundi atabaki na hoja yake.